Mkono wa Kuinua Sindano

Maziwa yalikuwa yamemchosha Félicité kuliko machozi. Asubuhi maziwa, mchana maziwa, na jioni shangazi yake Gertrude aliingia na kibuyu kingine, akasimama mlangoni kuhakikisha amekunywa mpaka tone la mwisho. Ndivyo bibi-arusi alivyotunzwa katika ukoo wao. Hatoki uani, hafui, hachoti maji, jua halimgusi. Anakaa chumbani akinenepa na kung'aa hadi siku ya kuchukuliwa. Dirisha la chumba chenyewe, hapo mtaa wa Bigo mjini Bunia, lilitazama ukuta wa jirani. Simu yake ilikuwa kabatini mwa shangazi, chini ya vitenge, imezimwa. Ungemuuliza Gertrude, angekwambia huko ndiko kupendwa. Sibishi. Kuna watu hupenda hivyo, kwa kufuli.

Jumamosi angepelekwa Mongbwalu kwa Claude, mfanyabiashara wa dhahabu. Claude hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtatiza Félicité. Laiti angekuwa mlevi au mgomvi, angalau pangekuwa na la kusema. Lakini utamkataaje mwanamume anayevua kofia mbele ya wazee, anayesali, anayeleta kila alichoombwa? Utawaambia nini, kwamba moyo wako uko mtaa wa Mbunya kwa kijana anayeuza muziki? Na kijana mwenyewe kwao ni Djugu, kwa wale watu wa jembe waliokimbia vijiji vyao. Watu hao wakitajwa sebuleni kwa Gertrude, mazungumzo hukatika na kila mtu hutazama ndani ya kikombe chake. Risasi kati ya watu wa jembe na ukoo wao wa ng'ombe zilikuwa zimenyamaza, ndiyo, na sokoni watu walisalimiana. Kuoana lilikuwa jambo jingine.

Gertrude aliwahi kusikia fununu za "kijana fulani wa Mbunya". Hakumjua sura wala jina. Alichukua simu, akafunga lango, akaona amemaliza kazi.

Kilichobaki kilikuwa neno la Koko Suzanne, bibi yake Félicité mzaa baba. Katika nyumba ile bibi-arusi hakuvuka lango kabla koko wake hajamnywesha maziwa ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Na Koko Suzanne alikuwa amegoma kwa sababu iliyowachekesha wote isipokuwa yeye.

Sababu ilikuwa santuri, au disiki kama wanavyoiita Bunia. Marehemu mume wake aliileta zamani pamoja na gramafoni ya sanduku. Siku ya kukimbia vita, wakati majirani walibeba sufuria na magodoro, Koko aliificha disiki ile chini ya kitenge akaenda nayo porini. Ilirudi ikiwa na kovu. Sindano ikifika katikati ya wimbo, pale mwimbaji anaposema kwa Kilingala *nakozonga*, nitarudi, ilikwama: nakozo—, nakozo—, nakozo—. Lazima mtu akae karibu aisogeze kwa kidole, polepole, isiikwaruze. Tangu utotoni mtu huyo alikuwa Félicité. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda kando ya gramafoni, akangoja kovu lifike, akainua, akashusha.

Wajomba wa Claude walipokuja kuomba siku, Koko aliwauliza, "Akienda, nani ataniinulia sindano?"

Wakacheka mpaka wakafuta macho. Koko hakucheka, wala hakutoa neno.

"Basi tutatia ile wimbo mu flashi," Gertrude akaamua wageni walipoondoka. "Tutakununulia redio ya flashi, maman. Unafinya tu, inaimba. Haiombi mukono ya mutu."

Akamwomba Antoine, mkuu wa kwaya, amtafutie fundi. Antoine akampeleka aliye bora. Kwa ujanja wake wote, Gertrude hakuuliza fundi huyo ni mtoto wa nani.

*

Félicité aliitwa sebuleni alasiri, kwa sababu mkono wake ulihitajika kwa mara ya mwisho. Alitoka chumbani akiburuta ndala, macho chini, kama bibi-arusi anavyotakiwa. Akaona kwanza viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kamba ya kahawia, cha kulia ya nyeusi. Yesu wangu, akasema moyoni. Alizijua kamba zile.

Yves alikuwa amepiga magoti akikagua gramafoni. Alimtazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye sanduku haraka, lakini ile mara moja ilitosha. Miaka miwili nyuma alikwenda kwenye kioski chake kutafuta sindano mpya ya Koko, akatoka na sindano na homa ambayo haijapona mpaka leo.

"Kaa, Féli," Gertrude akasema. "Huyu monsieur atachukua wimbo. Weye utafanya tu ile kazi yako."

Yves alitoa disiki kwenye karatasi yake, akaishika ukingoni kwa viganja viwili, akaipuliza vumbi.

"Koko, unaitunza muzuri," akasema. "Watu wanazitafuta sana hizi. Kila dimanche, watu wakitoka kanisa, vijana wanajaa pa kioski yangu. Mutu iko na nyimbo elfu mu telefone, anaiweka mu mufuko, anakuya kusikiliza disiki moja."

"Wako wazimu?" Gertrude akauliza.

"Hapana, Mama. Mu telefone wimbo unapita tu, ata hujui ulisikia nini. Disiki unakaa nayo. Unaisafisha, unaigeuza, unaichunga. Kuko wale wanauza redio zao zote za kisasa wapate disiki moja ya zamani."

Koko Suzanne aliinua kidevu. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini masikio yalikuwa mazima.

"Gertrude, unasikia? Huyu mutoto iko na akili. Mujukuu, kwenu ni wapi?"

Yves aliigeuza disiki mikononi.

"Niko Mbunya, Koko."

"Aa. Mbunya," Koko akasema, akaegemea kiti.

Félicité alitazama vidole vyake. Hakujua kwa nini jibu dogo kama lile limemchoma kiasi kile.

Gramafoni haikuwa na tundu la waya, kwa hiyo Yves alisimamisha mikro, kinasa sauti chake, mbele ya spika ya kifuniko na kuiunganisha na kompyuta yake. Akaomba madirisha yafungwe kwa sababu ya pikipiki, na mlango pia. Joto likajaa. Chumba kilinuka maziwa, nta na jasho. Félicité alihisi kuta zote za Bigo zimesogea hatua moja ndani.

"Sasa kimya kabisa, tafazali. Ata kukohoa, hapana."

Gertrude na kimya hawajawahi kuelewana. Alikaa kidogo, akajikuna, akakohoa, akajishika mdomo.

"Bon, naenda kuangalia nyama," akanong'ona. "Koko iko hapa." Akatoka akiufunga mlango nyuma yake.

Yves alibonyeza kitufe. Félicité alishusha sindano. Kwanza mchakacho, ule wa mvua ndogo kwenye bati, kisha gitaa, kisha sauti ya mwanamume aliyekufa zamani ikiimba kama vile ameketi mezani. Koko alifumba macho, ndiyo kawaida yake. Kichwa kikaanza kuinama kifuani.

Walitazamana juu ya disiki iliyokuwa ikizunguka. Félicité alikuwa na maneno mengi ya upole aliyoyatunza siku zote hizo za ukuta na maziwa. Hata moja halikutoka.

"Umekuya kunifungulia njia ya Mongbwalu," akasema.

"Féli, pole pole. Inashika sauti."

"Ishike."

"Bon. Tutarudilia mwanzo." Akasogea karibu. "Unanikasirikia?"

"Juu ya nini ulikubali hii kazi? Koko ananikatalia kutoka juu ya sindano. Weye unaleta flashi, sasa sindano haina kazi, na miye nabebwa. Hukuona ile?"

"Telefone yako haipiti. Nilipita pa mulango yenu mpaka imbwa yenu ikanizoea. Antoine alipotaja hii nyumba, nilisema ndiyo mbele amalize kusema. Nilitaka kukuona, ni ile tu."

"Umeniona. Niko namna gani?"

"Umenenepa."

Mwanamume mwenye akili angesema lingine. Félicité alikaribia kucheka, na kicheko kilipofika kooni kikageuka kilio. Alijiuma mdomo.

"Koko amekuuliza kwenu ni wapi, Yves."

Yves alisogeza waya wa mikro.

"Ukasema Mbunya. Mbunya unalala. Kwenu haiko Mbunya."

"Ningesema Djugu, tantine yako Gertrude angenifukuza na mikro yangu."

"Angekufukuza! Lakini ningesikia umeisema. Miye wamenifungia. Weye, nani anakufungia?"

Yves alipitisha mkono usoni. "Unataka niingie kwenu na nini? Hapa watu wanakuya na ng'ombe. Siye shamba ilibaki, nyumba ilibaki, papa alibaki kule kule, ata kaburi yake sijaiona. Niko na kioski na madisiki ya watu waliokufa. Nitasema nini mbele ya wazee yenu?"

"Utasema jina yako. Ile tu. Ingine nitasema miye."

"Hawatakusikiliza. Bibi-arusi hasemake."

"Najua hasemake! Njo maana nakufa humu ndani!" Aliishusha sauti, lakini hasira haikushuka. "Unajua weye uko namna gani? Unapendaka vitu yenye kukungojea. Disiki inakaa mu karatasi yake miaka, siku unataka, unaitoa, unaipuliza vumbi. Miye siko disiki, Yves. Samedi wananipeleka."

Sindano ikafika kwenye kovu. Nakozo—, nakozo—, nakozo—. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, mkono wa Félicité haukwenda. Hakusikia kabisa. Alikuwa akimtazama Yves, ambaye uso wake ulikuwa umepauka kama mtu aliyepigwa kofi na kugundua alilistahili.

"Nakupenda," akasema.

"Unaninong'oneza kama mwizi."

"Nakupenda, Félicité." Safari hii alisema kwa sauti ya mtu asiyejificha. "Miye Yves, mutoto ya Djugu, nakupenda. Toka ile siku ya sindano."

Nakozo—, nakozo—, nakozo—.

"Na miye nakupenda," akajibu, na machozi yakapata njia. "Siendi Mongbwalu. Claude ni mutu muzuri, lakini siendi. Wakinipeleka watapeleka mwili. Roho yangu itabaki hapa Bunia, inakwama kama hii wimbo."

"Félicité," Koko akasema bila kufumbua macho. "Sindano."

Wote wawili waliruka. Félicité aliinua sindano kwa kidole, akaishusha mbele ya kovu, na mwimbaji akamaliza neno lake kana kwamba hakuna kilichotokea. *Nakozonga.*

Wimbo ukaenda hadi mwisho. Yves alinyosha mkono arudishe sindano mwanzo, na mlango ukafunguka.

"Imeisha?" Gertrude akasema, akipangusa mikono. "Bon. Funga vitu yako."

"Mama, turudilie mara moja tu, itakuwa safi zaidi..."

"Ya nini? Hauone maman amechoka? Ngoja nikuletee fanta, kisha uende."

Visigino vyake vikarudi jikoni. Yves aliitazama kompyuta yake. Mistari ya sauti ilikuwa imejaa kioo chote, nyembamba mwanzoni, na katikati imefura.

"Imeshika yote," akanong'ona. "Siwezi kutoa sauti zetu. Zimeshikamana na wimbo." Akafikiri upesi. "Lakini haina shida. Hii wimbo niko nayo mu hii ordinatère, mutu alinitumia. Safi, haina mukwaruzo, haikwame. Nitaweka ile mu flashi. Hakuna mutu atajua."

Félicité alitazama mlango, akatazama dirisha lililofungwa. Safi, haikwami. Wimbo usiohitaji mkono wa mtu, na nyumba isiyomhitaji yeye, na gari la Claude likingoja langoni. Akauona ukuta mwingine, wa Mongbwalu, na dirisha jingine. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na katika siku zote hizo hakuna mzee hata mmoja aliyemuuliza swali.

"Weka hii," akasema.

"Féli! Wajomba ya Claude watakuwa pale samedi. Watasikia wote."

"Bibi-arusi hasemake. Disiki inasemaka." Akagonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Weka hii."

"Na miye nafanya nini?"

Visigino vilikuwa vikikaribia. Félicité alirudi kwenye kigoda chake, akainamisha macho.

"Ile utajua weye," akasema.

*

Jumamosi, siku ya wazee kuja kumchukua bibi-arusi, sebule ya Gertrude ilijaa. Wajomba watatu wa Claude kwenye makochi, Claude mwenyewe na kofia yake magotini, Koko Suzanne kwenye kiti chake. Félicité aliketishwa kwenye mkeka karibu na miguu ya koko, amefunikwa kitenge kipya hadi kichwani. Kibuyu cha maziwa ya mwisho kilisimama mezani, kifuniko kimeondolewa tayari. Kando yake ilikuwa redio ndogo nyekundu, mpya, na flashi imechomekwa ubavuni.

Gertrude alikuwa ameujaribu mwanzo wa wimbo jana yake, akasikia gitaa, akaridhika.

"Wazee yangu," akasema, "maman alikuwa na neno moja. Tumeitafutia dawa. Maman, sikiliza. Ata hakuna mutu anagusa."

Akafinya. Mchakacho, gitaa, sauti. Koko akafumba macho, na wajomba wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Mmoja akasema kweli dunia imeendelea.

Chini ya kitenge, Félicité alihesabu mapigo ya wimbo. Aliujua wimbo ule kuliko alivyoijua njia ya kanisani. Bado. Bado kidogo. Hakuwa na habari yoyote ya Yves tangu siku ile. Huenda alikuwa kioskini akipuliza vumbi.

"*Umekuya kunifungulia njia ya Mongbwalu,*" redio ikasema.

Mjomba aliyesifu dunia aliacha mdomo wazi. Gertrude alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeelewa.

"*Telefone yako haipiti...*"

"Ni nini hii?" Claude akauliza taratibu.

Gertrude aliirukia redio. Akafinya kitufe kimoja, taa ikawaka kijani. Akafinya kingine, sauti ikapanda. Vitufe vyote vilikuwa vyeusi na vyote vilifanana. Gramafoni hata mtoto angeizima. Unainua mkono wake, basi. Kitu hiki cha kisasa kilimshinda, na kadiri alivyokifinya ndivyo kilivyopaza. *Wamenifungia,* ikasema kwa sauti ya kufika kwa jirani. *Njo maana nakufa humu ndani!* Kisha wimbo ukafika kwenye kovu lake.

Nakozo—, nakozo—, nakozo—.

"Félicité!" Gertrude akalia. "Isimamishe! Félicité!"

Kila mtu alimgeukia. Na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote ile, ulitoka chini ya kitenge wenyewe na kuanza kwenda. Aliuona ukienda. Bado aliweza kuchomoa ile flashi, kuomba radhi, kunywa maziwa. Akaurudisha mkono mapajani, akaushika kwa ule mwingine, akaukaza.

"*Miye Yves, mutoto ya Djugu, nakupenda.*"

Nakozo—, nakozo—.

"*Siendi Mongbwalu. Claude ni mutu muzuri, lakini siendi.*"

Claude alichukua kofia yake magotini, akaitazama ndani kwa muda, kisha akaivaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona na kofia mbele ya wazee. Félicité alimhurumia kwa moyo wote, na mikono hakuiachia.

Ndipo mbwa akabweka langoni mara moja tu, akanyamaza, kama anavyonyamaza kwa mtu aliyemzoea.

"Hodi!" Sauti ilipita redio na kelele zote za Gertrude. "Hodi mu nyumba! Ni Yves. Niko na baba yangu mukubwa Donatien. Kwetu ni Djugu!"

Hakuna aliyeinuka. Redioni, sauti ya Koko Suzanne mwenyewe ilisema *Félicité, sindano*, na wimbo ukavuka kovu ukaendelea. Koko alifumbua macho.

"Gertrude," akasema, "funika ile maziwa."

"Maman! Mbele ya wageni?"

"Funika. Bibi-arusi amekwisha sema." Alimgeukia mjukuu wake aliyekaa mkekani amejishika mikono kama mtu anayezuia damu, akamwondolea kitenge kichwani. "Na weye, mikono yako haina kazi leo? Watu wako pa mulango. Enda ufungue."